Sikio la Mwimbaji Mikononi mwa Fundi

Katikati ya wimbo, mwimbaji anapeleka mkono sikioni, anachomoa kidude kidogo chenye waya mwembamba na kukiacha kining'inie begani. Watazamaji wa matamasha ya injili, wa bongofleva na wa bendi za dansi wameizoea ishara hiyo, na wengi huichukulia kuwa mbwembwe za jukwaani. Fundi aliyekaa pembeni nyuma ya miksa huisoma kwa namna nyingine. Kwake hiyo ni taarifa: kuna sauti ambayo mwimbaji haipati, au kuna sauti inayomchoma.

Kidude kile ni ncha ya mtambo mrefu uitwao monita ya sikioni. Sauti hutoka kwenye miksa kwa waya hadi kwenye kirusha mawimbi, kisanduku chenye antena kinachokaa kwenye kabati la mitambo. Kutoka hapo hurushwa hewani, mfano wa stesheni ndogo ya redio. Kiunoni mwa mwimbaji kuna kipokezi kinachokaribia ukubwa wa pakiti ya karata, chenye betri zake, na waya hupanda mgongoni hadi kwenye visikizi viwili vinavyoziba masikio kabisa. Mwimbaji anaweza kuzunguka jukwaa zima na sauti yake ikamfuata.

Uzuri wa mtambo huu na hatari yake vina chanzo kimoja. Masikio yakishazibwa, mwanamuziki hausikii ukumbi tena. Anachosikia ni kile tu ambacho mtu mwingine ameamua kumpelekea. Kwa hiyo kuununua ni sehemu ndogo ya shughuli. Sehemu kubwa ni saa za kuufunga na kuurekebisha kabla watu hawajaingia, kazi ambayo mara nyingi huachiwa dakika kumi za mwisho.

Kabla ya visikizi

Wanamuziki kusikizana ni shida kongwe kuliko umeme. Vikundi vya taarab asilia vya Zanzibar, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, viliimaliza kwa mpango wa ukaaji. Wapigaji wa ganuni, udi, fidla na nai hukaa karibu karibu, kila mmoja akimwona mwenzake na kumsikia, na mwimbaji husimama mbele yao akiwa na sauti zote mgongoni. Hakuna anayehitaji kifaa cha kujisikia.

Umeme ulipoingia, gitaa moja lenye amplifaya likatosha kufunika kikundi kizima, na waimbaji wakawa wa kwanza kuumia. Tarehe 15 Agosti 1965, The Beatles walipiga kwenye uwanja wa Shea jijini New York mbele ya watu zaidi ya 55,000. Jukwaani hapakuwa na spika za kuwarudishia sauti zao, na mayowe ya mashabiki yaliizidi nguvu mitambo ya siku zile. Mpiga dramu Ringo Starr alisimulia baadaye kwamba katika maonyesho ya namna hiyo alilazimika kutazama miili ya wenzake ikitikisika ili ajue wimbo umefika wapi.

Dawa iliyofuata ni spika za monita, zile zinazolala sakafuni zikimwelekea mwimbaji usoni. Zimefanya kazi kubwa na bado zinafanya. Tatizo lake hujulikana na kila aliyewahi kukaa ukumbini maiki zikapiga mluzi. Sauti hutoka kwenye spika, ikaingia tena kwenye maiki iliyo mbele yake, ikakuzwa, ikatoka tena, na mzunguko huo ukizidi kidogo tu mtambo mzima hulia. Tena spika hizo huleta mashindano. Mpiga gitaa akiongezewa, mpiga besi hajisikii. Mpiga besi akiongezewa, mwimbaji anaomba naye. Ndani ya nusu saa jukwaa linakuwa na kelele kuliko viti vya mbele, na maiki za waimbaji zinabeba dramu zaidi ya maneno.

Wazo la kuipeleka sauti moja kwa moja sikioni lilijaribiwa na watu kadhaa. Mmarekani Stephen Ambrose alikuwa akitengeneza visikizi vya jukwaani tangu miaka ya 1970. Muongo uliofuata, Mwingereza Chrys Lindop, fundi wa sauti wa Stevie Wonder, alitengeneza mtambo wa kumpelekea msanii sauti kwa mawimbi ya redio. Hatua iliyosambaa zaidi ilikuja mwaka 1995. Jerry Harvey, fundi wa monita wa bendi ya Van Halen, alimtengenezea mpiga dramu Alex Van Halen visikizi vilivyofinyangwa kwa umbo la masikio yake, kila kimoja kikiwa na spika mbili ndogo, ya besi na ya sauti za juu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa kampuni ya Ultimate Ears. Leo visikizi vya namna hiyo hutengenezwa nchi nyingi, na mtambo wa waya au wa mawimbi umefika hata kwenye makanisa ya mitaani.

Masafa ndiyo ya kutangulia

Fundi mzoefu haanzi na sauti. Huanza na hewa. Kila kirusha mawimbi kinahitaji masafa yake, na hewa ya mji ina wenyewe.

Mitambo mingi ya kitaalamu ya aina hii hutumia masafa ya UHF, yale yale ya televisheni. Katika ukanda wa dunia unaojumuisha Afrika na Ulaya, televisheni ya dijitali hutumia megahezi 470 hadi 694, zilizogawanywa katika chaneli 28 zenye upana wa megahezi 8 kila moja, kuanzia chaneli ya 21 hadi ya 48. Maiki zisizo na waya na monita za masikioni hujipenyeza kwenye chaneli ambazo hazina stesheni mahali husika. Chaneli iliyo tupu Mwanza huenda imejaa Dar es Salaam.

Juu ya 694 mambo yamebadilika. Tanzania ilipoanza kuzima televisheni ya analojia, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Kenya ilipofuata mwaka 2015, lengo mojawapo lilikuwa kuachia nafasi kwa mawasiliano ya simu. Mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2015 ulikamilisha kanuni za kutumia megahezi 694 hadi 790 kwa simu katika ukanda wetu, na 790 hadi 862 zilikuwa zimekwisha kutengwa kabla. Marekani nayo iliondoa maiki zisizo na waya kwenye megahezi 700 mwaka 2010, na kwenye sehemu kubwa ya megahezi 600 mwaka 2020.

Hapo ndipo mnunuzi wa vifaa vilivyotumika anapopaswa kufungua macho. Mtambo mzuri wa chapa kubwa unaouzwa kwa bei ya kutupa unaweza kuwa wa megahezi 700 na kitu, masafa ambayo leo ni ya minara ya simu. Utawaka, taa zitakuwa za kijani, na ukumbi ukijaa utakwaruza. Nambari za masafa huandikwa kwenye kibandiko nyuma ya kifaa, na kuzisoma kabla ya kulipa kunachukua nusu dakika. Kuhusu yaliyoruhusiwa na leseni zake, wa kuulizwa ni TCRA kwa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya.

Mitambo ya bei nafuu ya gigahezi 2.4 haina usumbufu wa chaneli za televisheni, lakini inagombea hewa na Wi-Fi na Bluetooth. Inaweza kufanya kazi safi saa kumi jioni ukumbi ukiwa mtupu, kisha ikakatika saa mbili usiku watu mia tano wanapoingia na simu mifukoni. Visikizi vya Bluetooth vya kusikilizia simu haviwafai kabisa wapigaji, kwa sababu ya ucheleweshaji. Aina nyingi huichelewesha sauti kwa takriban sehemu 100 hadi 200 za elfu ya sekunde. Sauti husafiri kama meta 343 kwa sekunde, hivyo ucheleweshaji wa 200 ni sawa na umbali wa meta 68, ambao ndio upana wa uwanja wa kandanda. Mpiga dramu yuko kwenye mstari mmoja wa pembeni, mwimbaji kwenye mstari wa pili, na wanatakiwa kuanza pamoja.

Hesabu isiyoonekana

Kwa msanii mmoja kazi ni nyepesi. Fundi hukichukua kipokezi, hukiagiza kichunguze hewa, nacho humwonyesha masafa yaliyo huru. Kisha huyaweka kwenye kirusha mawimbi. Bendi yenye watu watano na maiki sita ni habari nyingine, maana mawimbi yanapokutana huzaa mengine.

Tuseme waimbaji watatu wamepewa megahezi 500, 501 na 502. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini virusha mawimbi viwili vikikaribiana, saketi zao huchanganya mawimbi na kutoa mapya, na yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha masafa ya kwanza kwa mbili na kutoa ya pili. Mara mbili ya 501 ni 1002. Toa 500, unabaki na 502. Mwimbaji wa tatu ameshaharibiwa na wenzake wawili bila mtu yeyote kukosea kitufe. Nafasi zikiwa za kupishana, kwa mfano 500, 500.8 na 502.3, mazao ya hesabu hiyo huangukia pengine.

Hakuna fundi anayetakiwa kuifanya hesabu hii kwa kalamu. Zipo programu za kompyuta za kuipanga, na ile ya Shure iitwayo Wireless Workbench hutolewa bure. La msingi ni kuzihesabu monita na maiki kwa pamoja, kwa sababu hewa ni moja. Mafundi wengi huwasha kwanza virusha mawimbi vya monita, ambavyo hukaa hewani muda wote wa onyesho, ndipo huchunguza hewa kwa ajili ya maiki. Pia hutenganisha antena. Ya monita inarusha, ya maiki inapokea, na kuziweka bega kwa bega ni kumpigia mtu kelele sikioni huku ukimtaka amsikie anayenong'ona ng'ambo ya chumba.

Njia nyingine ya kuokoa masafa haina gharama kubwa. Anayekaa hahitaji mawimbi. Mpiga dramu, mpiga kinanda na mara nyingi hata mpiga besi wanaweza kutumia kisanduku cha waya chenye kitufe cha sauti, kwa bei ndogo sana ukilinganisha, bila betri wala kukatika. Kwaya yenye fedha za mtambo mmoja tu wa mawimbi hufanya busara kumpa anayeongoza nyimbo na kuwaunganisha wengine kwa waya.

Maji, chuma na kabati

Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na maji humeza mawimbi ya redio. Kirusha mawimbi kilichofungwa nyuma ya kabati la chuma, nyuma ya wanakwaya thelathini, huwa kimewekewa ukuta. Dawa ni kuitoa antena, kuiweka kwenye stendi juu ya vichwa vya watu, mahali inapoweza kuonana na viuno vya wasanii wote. Waya wa antena nao hupunguza nguvu kila unaporefuka, kwa hiyo waya mfupi na mzuri una faida kuliko mrefu wa bei rahisi.

Virusha mawimbi vikizidi viwili, ni vyema vikaunganishwa kwenye kifaa maalumu kinachoyaingiza mawimbi yote katika antena moja. Msitu wa antena fupi mbele ya kabati huzidisha kule kuzaana kwa mawimbi.

Kwa upande wa msanii, antena ya kipokezi isikunjwe mfukoni wala kubanwa kati ya mkanda na ngozi. Kwenye megahezi 500, robo ya urefu wa wimbi ni sentimeta 15, na ndicho kipimo kinachoamua urefu wa ule mkia mfupi unaochungulia juu ya kipokezi. Kwenye baadhi ya mitambo waya wa visikizi wenyewe ni antena ya pili, hivyo kuuzungusha na kuufunga fundo ili usining'inie ni kujipunguzia mapokezi. Vazi lenye nyuzi za metali au shanga nyingi za chuma lijaribiwe mapema, pamoja na mtambo.

Halafu huja matembezi. Fundi huvaa kipokezi, hupiga muziki anaoufahamu, kisha hupita kila pembe ya jukwaa, ngazi, nyuma ya pazia na njia ya katikati ya viti ikiwa msanii atashuka kwa watu. Mahali sauti inapokwaruza hupatia alama na kurudi kuihamisha antena. Akimaliza, hurudia zoezi maiki zote na taa zote zikiwa zimewashwa, kwa sababu skrini kubwa za LED nazo zinaweza kuchafua hewa.

Sikio lizibwe sawasawa

Malalamiko ya kwanza ya mwanamuziki aliyevaa visikizi kwa mara ya kwanza huwa ni kwamba besi haipo. Haraka fundi huongeza besi kwenye miksa, na mara nyingi ndipo anapopotea. Besi hupotea kwa sababu hewa inavuja. Kisikizi kisipoziba tundu la sikio, sauti nzito hutoroka na kubaki zile kali za juu, na kelele za nje huingia.

Jaribio lake ni jepesi. Muziki ukiwa unapiga kwa sauti ya chini, msanii anasukuma kisikizi kidogo kwa kidole. Besi ikijitokeza ghafla, ncha yake haikumtosha. Vifuko vya mpira na vya sponji huja kwa ukubwa tofauti, na si ajabu sikio la kulia likataka mkubwa na la kushoto mdogo. Vya sponji hubinywa kwanza, huingizwa, kisha hushikiliwa kwa sekunde kadhaa hadi vifure.

Wenye uwezo hutengenezewa vya kufinyangwa. Mtaalamu wa masikio huchunguza kama tundu lina nta, huweka kizuizi laini ndani kulinda kiwambo, kisha hujaza ute wa silikoni unaoganda baada ya dakika chache. Kwa waimbaji, umbo hilo huchukuliwa mdomo ukiwa wazi, kwa sababu tundu la sikio hubadilika kidogo taya linaposhuka, na kisikizi kilichochukuliwa mdomo ukiwa umefungwa huvuja pale kwenye noti ndefu.

Kuziba sikio kuna tabia nyingine ambayo mwimbaji anastahili kuambiwa kabla. Sauti yake mwenyewe itamvumia kichwani, kama mtu anayeimba huku ameweka vidole masikioni. Sehemu ya sauti hiyo hupita kwenye mifupa ya fuvu na fundi hana kitufe chake. Siku tatu nne za mazoezi huizoesha. Kuvaa mara ya kwanza mbele ya umati ni kumwonea mtu.

"Sijisikii"

Masafa yakitulia na masikio yakizibika, ndipo sauti inaporuhusiwa kuingia. Fundi huanza na vitufe vyote vikiwa chini. Kipokezi cha msanii huwekwa karibu na sifuri na visikizi huingizwa masikioni kabla ya kuongeza chochote. Kisha hupeleka sauti kutoka miksa hadi taa za kirusha mawimbi zionyeshe kiwango kizuri bila kugusa nyekundu. Sauti ikienda dhaifu, msanii hulazimika kufungua kipokezi hadi mwisho na kuongeza pamoja nayo ule mvumo wa hewani. Ikienda kubwa kupita kiasi, hupasuka hata akipunguza kiunoni.

Njia inayobeba monita kutoka kwenye miksa huchukuliwa kabla ya kitelezo cha ukumbi. Fundi wa mbele akimpunguza mwimbaji ili watu wasikie kinanda, mwimbaji mwenyewe asijione ametoweka. Kwa sababu hiyo hiyo mafundi wengi hukwepa kumpelekea mwimbaji sauti iliyobanwa na kompresa kwa nguvu. Anapoongeza pumzi na asisikie tofauti, huongeza tena, na koo ndilo linalolipa.

Mpangilio wenyewe hutofautiana na mtu. Mwimbaji kwanza anahitaji sauti yake, kisha chombo cha kushikia ufunguo, mara nyingi kinanda, halafu mapigo ya kumwongoza. Magitaa na tarumbeta hufuata kwa kiasi. Mpiga besi na mpiga dramu wanahitajiana kuliko wanavyomhitaji mwimbaji. Anayejaza vyombo vyote kwa usawa hutoa kitu kinachofanana na kanda, na mwimbaji husema neno ambalo kila fundi wa Afrika Mashariki amelisikia: "Sijisikii."

Jibu la haraka la neno hilo ni kumwongezea sauti yake. Jibu bora, mara nyingi, ni kupunguza kinachomfunika. "Kaka, ngoja nikutolee gitaa la pili kwanza, uniambie," ni sentensi inayookoa masikio mengi. Mtambo ukiwa wa stirio, fundi ana nafasi zaidi. Hukiweka kinanda kidogo kushoto, gitaa kidogo kulia, kama walivyosimama jukwaani, na mwimbaji akabaki katikati. Vikitenganishwa namna hiyo kila kimoja husikika bila kuongezwa. Gharama yake ni kwamba stirio hula njia mbili za miksa kwa kila mtu. Behringer X32, miksa ya dijitali iliyotoka mwaka 2012, ina njia 16 za kuchanganyia. Kwa stirio zinatosha watu wanane. Pia mapokezi ya stirio kwenye mitambo ya analojia huwa na mvumo zaidi kuliko mono, hivyo pale hewa ilipochafuka baadhi ya mafundi hurudi kwenye mono kwa hiari.

Miksa za dijitali humruhusu mwanamuziki kujirekebishia kwa simu au tableti. Inapunguza maombi ya kila dakika, na inataka nidhamu: simu ya mpiga gitaa ifunguliwe njia ya mpiga gitaa tu, asije akagusa ya mwimbaji kwa kidole kilichoteleza. Miksa hizo pia huhifadhi mpangilio mzima. Kwenye jukwaa linalopokezana bendi usiku mmoja, kama la Sauti za Busara pale Ngome Kongwe, Zanzibar, ambako tamasha hilo limefanyika tangu 2004, kurudisha mpangilio uliohifadhiwa mchana ni tofauti kati ya dakika kumi na dakika arobaini.

Upweke wa mwenye masikio yaliyozibwa

Kuna waimbaji waliovaa visikizi wiki moja wakavitupa. Hawakulalamikia sauti, walisema walijihisi wamefungiwa chumbani. Kwa muziki wetu wa kuitikiana, ambapo kwaya huitikiwa na waumini na mwimbaji wa taarab hupandishwa mori na wanaomtunza, lalamiko hilo ni zito, na lina dawa.

Fundi husimamisha maiki mbili kwenye kingo za jukwaa zikiwatazama watu, moja iende sikio la kushoto na nyingine la kulia, huziondolea mngurumo wa besi, na huzipeleka kwenye monita tu, zisiende kwenye spika za ukumbi. Zikiwa za chini wakati wa ubeti na kupandishwa baina ya nyimbo, msanii husikia vigelegele, husikia aliyemwita jina, na hujua aliposimama. Mwangwi kidogo juu ya sauti yake huondoa ule ukavu wa kuimba ndani ya kabati.

Maiki ya tatu ni ya kiongozi wa bendi, yenye swichi, inayosikika masikioni mwa wapigaji peke yao. Kwa hiyo kiongozi anaweza kusema "turudie kibwagizo" bila waumini kujua kwamba mpango umebadilika. Fundi naye awe na yake, ili mwimbaji mwenye tatizo ajibiwe badala ya kupunga mikono gizani.

Desibeli na muda

Visikizi husifiwa kwamba hulinda masikio. Vinaweza, kwa sababu vinazuia kelele za nje na hivyo muziki huweza kuwekwa chini. Lakini spika iliyo ndani ya tundu la sikio haina mahali pengine pa kupeleka nguvu zake. Pete Townshend, mpiga gitaa wa The Who, alieleza hadharani kwamba anaamini madhara ya masikio yake yalitokana zaidi na visikizi vya kichwani alivyotumia studio kuliko na majukwaa.

Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, huweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa 1. Ukifika 100, umebakiwa na dakika 15, ambazo ni nyimbo tatu au nne. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya vijana bilioni moja duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya namna wanavyosikiliza. Seli za nywele za sikio la ndani zikifa hazioti tena.

Kwa hiyo limita ndani ya kipokezi isizimwe. Kazi yake ni kuikamata sauti ya ghafla, maiki inapoangushwa au waya wa gitaa unapochomolewa, kabla haijafika kwenye kiwambo. Na hapa ishara ya mwimbaji anayechomoa kisikizi kimoja inarudi. Kwa sikio moja ubongo huona sauti imepungua. Vilevile kelele za ukumbi zinaingia kupitia sikio lililofunguliwa. Mwimbaji huongeza volyumu, na sikio lililozibwa huchukua mzigo wa mawili. Fundi anayeiona ishara hiyo mara mbili katika onyesho moja ana sababu ya kumuuliza baada ya onyesho, kwa upole: alikosa watu, alikosa sauti yake, au palikuwa na kitu kinachochoma? Jibu la kwanza huongeza maiki za ukumbi. La pili hurekebisha mchanganyo. La tatu hupelekea kupunguza sauti za juu kwenye ikwalaiza, mara nyingi eneo la kilohezi 2 hadi 4, ambapo sikio la binadamu ni jepesi kuliko kote.

Fundi wa monita mwenyewe huvaa kipokezi cha ziada chenye visikizi vinavyofanana na vya wasanii, na humpitia mmoja mmoja usiku kucha, akisikia kile wanachosikia. Mkataba wa kimya kimya upo kati yao: hasukumi kitelezo ambacho yeye mwenyewe hajakisikiliza.

Onyesho likiisha, watu wakiwa bado wanasalimiana mlangoni, kazi inaendelea pembeni ya jukwaa. Vipokezi vyote hurudishwa kwenye sifuri ndipo vizimwe, ili kesho asiyejua asivae kipokezi chenye kitufe kilichoachwa juu. Betri hutolewa, za kuchaji huingia kwenye chaja, zilizokwisha hutengwa zisichanganywe na mpya. Vifuko vya sponji hukaguliwa, vilivyochakaa hubadilishwa, nta huondolewa kwa brashi ndogo, na kila jozi hurudi kwenye kopo lake lenye jina la mwenyewe lililoandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Mwimbaji wa kwanza akifika mazoezini, fundi atamwomba aingize visikizi kwanza, kisha ndipo afungue sauti, polepole, kuanzia chini.